Grisi ya Trekta la Marehemu Kvam

Orlin Tvedt alikuwa na hakika ameyaacha magurudumu ya mbele ya trekta yakielekea barabarani. Sasa, alipotoka kunywa kahawa, yalikuwa yameelekea dirisha la jikoni, na ndani ya dirisha hilo mkewe Marlys alikuwa akimenya viazi.

"Usukani umelegea," alijisemea. Trekta lina miaka themanini, jamani, lisilegee lina nini?

Alilinunua mnadani, nyumbani kwa marehemu Kvam, hapo hapo Iowa. Siku ile mjane alimshika mkono akamnong'oneza: "Gia za usukani usizitie kitu. Mume wangu aliziacha kavu miaka ishirini. Ziache zikwaruze."

Orlin alicheka moyoni. Mama wa watu anajua nini kuhusu gia!

Alipofungua kisanduku cha gia kilikuwa kikavu kweli, kinanuka maziwa yaliyochacha. Na kila Marlys alipopita uani, trekta lililozimwa lililia krrr, polepole, kama mtu anayesaga meno usingizini. Akienda kwa kuku, krrr. Akirudi, krrr.

"Orlin, hilo dude linanifuata," Marlys alimwambia kwa sauti ya chini. "Nikisikia linalia ndiyo nakwepa."

"Litanyamaza, mama. Linataka kulainishwa tu."

Kwenye ghala la ushirika wazee walibishana juu ya kilainishi cha gia hizo mpaka kahawa ikapoa. Duane, jirani yake, alitetea oili nzito ya gia.

"Raba za kuzuia oili zimekufa zamani, itavuja yote!" Orlin alimkatiza.

"Basi shindilia grisi ya beringi."

"Grisi ngumu? Gia zitachimba mfereji ndani ya grisi, zizunguke kavu! Wewe Duane, hata baiskeli yangu sikupi uitengeneze."

Waliangua kicheko. Orlin akachagua grisi laini ya mashine ya kuvunia mahindi, isiyovuja wala kuganda, inayorudi yenyewe kwenye meno ya gia. Kwa ufundi, hakukosea hata kidogo. Ila kisanduku cha kujazwa na kopo moja kilimeza makopo manne, na Orlin akajifanya hakuona.

Saa sita mchana aliwasha injini, akalitoa trekta bandani. Usukani ulizunguka laini, bila mlio wowote. Alicheka peke yake kwa raha. Halafu akatambua kwamba si yeye aliyeuzungusha.

Marlys alikuwa akianika shuka, amempa mgongo. Orlin aliuvuta usukani kwa mikono miwili, akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akazima swichi, na injini ikaendelea kunguruma, na magurudumu yakazidi kujipinda taratibu kumwelekea mwanamke aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja, ambaye masikio yake yalikuwa yakisubiri ule mkwaruzo ndipo akwepe, na mkwaruzo haukuwapo, na injini ile hakuiogopa kwa sababu aliyeiendesha ni mumewe.

"Kimbia! Marlys, kimbia!"

Marlys aligeuka. Alimwona mumewe akipiga mayowe juu ya trekta, maneno yamemezwa na ngurumo ya injini, uso umempauka, mikono imeng'ang'ania usukani kama aliyenaswa na umeme. Akajua ameumia. Alitupa shuka chini, akamkimbilia.

"Nakuja, baba! Jikaze hapo hapo, nakuja!"