Simu Iliyokuwa Macho ya Kigari

Siku walipokutana, kigari cha Onésime kilikataa kupita. Ilikuwa saa nne asubuhi katikati ya mji wa Butembo, pikipiki zikipigiana honi, na kigari kile kisicho na dereva kilikuwa kimebeba robota la vitenge. Mbele yake alisimama Bénite, muuzaji wa duka la jumla, kajifunga kitenge cha manjano, liputa, kiunoni, mkono umeshika nyonga.

"Gari yako iko naniangalia nini?"

"Hapana kuikasirikia, mama," Onésime akasema akija mbio nyuma yake. "Weye njo kitu muzuri ya kwanza inaona leo."

"Muongo weye!" Lakini alicheka.

Onésime, fundi wa mtaa wa Mususa, alikuwa amefunga simu yake mbele ya kigari. Kamera yake ndiyo iliyokuwa macho: ikiona mtu au mnyama, kigari kinasimama, ikiona jiwe au shimo, kinazunguka. Simu nyingine hakuwa nayo. Kwa hiyo Bénite alipopiga, kamera ilizimika na kigari kikasimama palepale. Wakaufanya mchezo.

"Sheri wangu, nimesimamisha gari yako?"

"Umesimamisha na roho yangu. Batu ba pikipiki banatukana!"

Mapenzi yakakolea. Baba yake Bénite, aliyekaa mji jirani wa Beni, akataja siku: Jumamosi saa nane, Onésime na wazee wake wafike kujitambulisha. Kwao siku ikishatajwa na kuku wakachinjwa, huwezi kukosa bila neno.

Ijumaa tajiri mmoja akasema atakuja kukiona kigari Jumamosi asubuhi. Mshika mawili moja humponyoka, lakini Onésime akajipa moyo: saa tano atamaliza, saa nane yuko Beni. Ili simu isikipofushe kigari mbele ya tajiri, akazima mtandao. Jumamosi, tajiri akitazama, kigari kikagonga ukuta. Akarekebisha. Kikagonga tena. Masikini, hata jua hakulitazama. Mwishowe kikapita vizuri na tajiri akaridhika, lakini alipowasha mtandao ilikuwa saa kumi, wazee wake wamemngoja kituoni hadi wakarudi nyumbani na mbuzi wao. Bénite alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Akampigia palepale.

"Baba alivala kostime," Bénite akasema, sauti imekauka. "Tante, dada yake, alipika tangu asubuhi. Chakula tukapea majirani."

"Nisamehe, Bénite. Nilizima reseau juu gari isisimame."

"Gari isisimame! Na miye nilisimama ku mulango siku muzima."

"Kesho nitakuya na bazee..."

"Baba amefunga mulango, Onésime. Na miye sina tena uso ya kumuomba afungule."

Akakata. Hakupiga tena.

Leo kigari kinabeba mizigo ya yule tajiri, na Onésime anakifuata nyuma. Tajiri amemnunulia kamera ya kweli ili aiondoe simu. Hataki, na mtandao hauzimi tena kamwe. Kila kigari kinaposimama ghafla, yeye hukimbia mbele, moyo mkononi, kutazama kioo cha simu.

Mpaka sasa ni mbuzi tu, au mama aliyebeba ndizi.