Ngozi Nyeupe Kifuani mwa Seth

Mimi Gordon siogopi kitu. Uliza soko lote la Kariokor: akala za matairi nilizoshona zimetembea kuliko treni. Lakini jioni ile nilikimbia miguu mitupu.

Nilitoka buchari na mfuko wa mapafu mabichi ya kumlisha mbwa wetu, kama kila siku kwa miaka minne. Nikamwagia, nikautupa mfuko, nikaingia ndani. Pale kwetu mtaa wa Jericho ndugu yangu Seth alikuwa akikohoa. Miezi sita amemeza dawa za TB. Miezi sita anakonda.

"Omera, ndugu yangu," akaninong'oneza, "usiniache nife."

Dawa zilikuwa zimeshindwa, kwa hiyo nilikuwa nimemwita Mbithe, mganga kutoka Njiru. Alifika giza likiingia. Akachoma kitu... harufu ya nywele zinazoungua. Akaweka sikio kifuani mwa Seth.

"Kuna kitu kinaishi humu," akasema. "Kililetwa na mtu wa nyumba hii. Jioni. Kwa mfuko."

Nikacheka. "Mama, hapa anayeleta mfuko jioni ni mimi tu!"

Hakucheka.

Moshi ukamkaba Seth. Akakohoa mara moja... mara mbili... Nikasikia kitu kikipasuka ndani yake.

Pwa!

Maji yakamtoka kinywani na puani. "Chumvi," akalia, "ni chumvi!" Na ndani ya maji, ngozi. Nyeupe, laini, kama ile ya yai lililochemshwa.

Ikajikunja yenyewe.

Mbithe alinitangulia kutoka mbio mlangoni. Nilipofika barabarani ndipo aibu iliponirudisha. Ngozi nikaitia mkebeni, Seth nikambeba mgongoni hadi hospitali.

Daktari akachungulia mkebe. "Hii si TB. Ni mdudu wa mbwa. Mbwa akila mapafu mabichi yenye ugonjwa, mayai hutoka na kinyesi, yakashika manyoya, mikono, chakula. Mtu akiyameza, huota mfuko wa maji ya chumvi mapafuni. Mnafuga mbwa?"

Nikaficha mikono yangu nyuma.

Seth sasa anapumua kwa mashine. Wanangoja apate nguvu wampasue. Daktari anasema huenda akapona. Huenda.

Mdudu nimeelewa. Lakini mfuko niliutupa kabla Mbithe hajafika, na sikuwa nimemwambia habari zake. Alijuaje?

Mbwa bado analala mlangoni, akingoja jioni.

Leo asubuhi nimekohoa. Mara moja tu.

Chumvi.