Mshale Uliobaki Kwenye Majani

Kila Jumatano, masomo yalipokwisha mchana, Kasoki alipanda tramu hadi klabu ya upinde huko Laeken. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu Septemba alikuwa akijifunza kusimama imara, kuvuta uzi na kutuliza pumzi. Watoto walilenga sanamu za wanyama zilizosimamishwa kati ya miti.

Jumatano moja mwalimu wao, Myriam, alichagua watakaokwenda mashindanoni. Kasoki alipewa mishale mitatu ya kumlenga kulungu. Wa kwanza ulichoma udongo mbele ya kwato. Wa pili ulipita chini ya tumbo. Wa tatu uliruka juu ya mgongo, ukatokomea kwenye majani makavu. Jina lake halikusomwa.

Kwa sheria ya klabu, mshale uliopotea hutafutwa mpaka upatikane. Myriam alipouliza kama yote imeokotwa, Kasoki aliitikia kuwa ndiyo. Hakutaka wenzake wamwone akipekua majani huku analia.

Nyumbani hakugusa chakula. Alimwambia mama yake, Gracieuse, kwamba harudi tena klabuni, miezi yote ile imekwenda bure. Kasoki akakaa dirishani, na hapo akawakumbuka watoto wadogo wanaoanza mazoezi saa kumi, ambao hupenda kukimbizana kwenye miti ile ile. Mmoja wao angeweza kuukanyaga ule mshale.

"Maman, nilidanganya," alisema. "Mshale wangu mmoja uko kwenye majani."

Mama alimpigia Myriam simu papo hapo ili awazuie watoto, kisha wakatoka mbio kwenye manyunyu. Walipekua karibu nusu saa. Kasoki ndiye aliyeuona, hatua mbili kutoka njiani, ncha yake ikichomoza kati ya majani. Aliuokota, akamkabidhi Myriam. Myriam hakumgombeza, ila alimkataza kushika upinde kwa wiki mbili.

Walipokuwa wakingoja tramu, Kasoki alilia waziwazi. Mama akamshika bega.

"Kukosa shabaha si kosa, mwanangu. Mimi mtihani wa uuguzi ulinishinda mara mbili. Nililia, bon, basi, nikarudi darasani. Lakini leo uliona uchungu wako tu, hukuona mguu wa mwenzio mdogo. Ukishindwa, lia. Ukishalia, inua macho, kwa sababu dunia haijaisha na wengine bado wamo."

Kasoki alijifuta uso, akauliza wiki mbili zitaisha tarehe ngapi.