Uongo Kwenye Ukuta wa Stesheni

Kila alasiri, kengele ya kutoka ilipogongwa, wasichana wa darasa la sita walishika njia ya mkato ya reli. Walitembea juu ya vyuma vilivyoota kutu, mikono wameinyoosha wasianguke, na aliyetangulia alikuwa msichana ambaye hata baba yake alimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika.

Treni haikuwa imepita hapo tangu mama zao walipokuwa wadogo. Stesheni ilibaki gofu, makao ya popo na mbuzi, mpaka halmashauri ilipoamua kuifanya maktaba ya watoto. Mafundi waliezeka paa upya, wakaziba nyufa, na dirisha la tikiti wakaligeuza mahali pa kuazimia vitabu.

Mwalimu wa historia akagawa kazi. "Kwenye ukuta wa chumba cha abiria tutaandika habari za stesheni hii. Chiriku, wewe huogopi watu. Nenda kwa mzee aliyekuwa mkuu wa stesheni, umuulize ilifungwaje, uandike atakayokueleza."

"Hiyo kwangu ni kumsukuma mlevi, Mwalimu," alijibu Chiriku, na darasa likacheka.

Mzee huyo aliishi nyuma ya stesheni. Jumamosi Chiriku alichungulia mlangoni kwake, akamkuta amesinzia kitini, redio ikinguruma peke yake. Uwanjani wenzake walikuwa wakiruka kamba, wakamwita. Alijiambia, "Nitarudi," lakini hakurudi. Jumapili jioni, kazi ikitakiwa kesho yake, alikaa mezani akatunga: dereva wa treni ya mwisho alikuwa amelewa chakari, akapitiliza stesheni, mabehewa yakapinduka, watu wakaumia, na ndiyo maana reli ikafungwa. Chini akaandika: "Nimesimuliwa na aliyekuwa mkuu wa stesheni."

Mwalimu aliisoma kazi ile darasani, wanafunzi wakapiga makofi. Haukupita muda, fundi wa kuandika mabango akayaandika maneno yale ukutani kwa rangi nyeusi. Chiriku alipita mara kwa mara kuyatazama, kichwa kikimvimba.

Karibu na siku ya ufunguzi, darasa lilikwenda kupanga vitabu. Mama mshonaji wa mtaa alikuwa juu ya ngazi, akitundika mapazia aliyojitolea kuyashona. Mzee naye alikuja na mkongojo wake kuona stesheni yake ilivyopendeza. Mshonaji aliposhuka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alisogea ukutani akasoma. Alisoma hadi mwisho, kisha akarudia.

"Dereva wa treni ya mwisho alikuwa baba yangu," alisema polepole. "Hakuonja pombe maisha yake yote." Akamgeukia mzee. "Baba mdogo, ni wewe uliyesema haya? Wewe uliyekula naye sahani moja? Umengoja afe ndipo umseme?"

Mzee aliusogelea ukuta. Chiriku alingoja aseme, "Si mimi." Mzee hakusema hivyo.

"Mwanangu, sikumbuki kusema maneno haya," alijibu. "Lakini siku hizi nasahau mengi. Kama niliyasema, unisamehe."

Mshonaji aliyashusha mapazia, akayakunja, akatoka nayo.

Uso wa Chiriku uliwaka kama aliyepigwa makofi. Neno moja tu lingetosha, lakini ulimi ule uliozoea kutangulia mbele ya akili ulikuwa mzito kama jiwe. Aliinamia rafu, akavipanga vitabu kichwa chini miguu juu.

Nyumbani hakufungua mdomo. "Leo chiriku wetu kamezwa na paka?" baba yake alitania. Mama alimgusa shingoni kuona kama ana homa. Upole ule ulimuumiza zaidi, akaona hastahili hata kuguswa.

Asubuhi, kabla ya kwenda shule, alipita kwa mzee. Alimkuta barazani akizitaja stesheni za reli ile moja baada ya nyingine, huku akikunja vidole, kama mtoto anayekariri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unanishangaa? Najipima. Nimemsingizia rafiki yangu, nami sikumbuki hata chembe. Uzee umenipokonya miguu, nikanyamaza. Sasa umeanza na kichwa."

Chiriku alipiga magoti, machozi yakimtoka. "Babu, kichwa chako ni kizima. Hukusema lolote. Nilikukuta umelala, nikaenda kucheza, halafu nikatunga mwenyewe."

"Kumbe sijarukwa na akili!" Akacheka kwa furaha, na kicheko kile kilimchoma Chiriku kuliko viboko. "Mimi nimekusamehe. Lakini siye niliyetukanwa ukutani. Nyanyuka, twende."

Mshonaji aliwasikiliza mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Hakupaza sauti. "Nenda shule, mwanangu," alisema bila kumtazama. "Niache kwanza."

Darasani Chiriku alisimama mbele ya wenzake waliompigia makofi, akasema yote. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Alasiri alirudi kwa mzee, akauliza maswali aliyopaswa kuuliza tangu mwanzo. Hakukuwa na ajali. Kiwanda cha nyuzi kilifungwa, mizigo ikahamia kwenye malori, treni ikawa inakimbia tupu. Siku ya mwisho dereva aliiegesha taratibu, akashuka, akafuta vioo vya injini kana kwamba kesho kuna safari, kisha akampa mzee mkono.

Chiriku aliandika, akampelekea mshonaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama yule alisoma, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa alichokuwa akishona.

"Ongeza hapa," alisema. "Akikaribia mtaa wetu alipiga honi fupi, tujue baba anarudi."

Kufuta ukuta ilikuwa kazi ya Chiriku. Alisugua kwa msasa, wapita njia wakimtazama. Alipopaka rangi nyeupe, maneno meusi yakachungulia kwa chini, ikambidi apake tena na tena.

Siku ya ufunguzi mapazia yalikuwa madirishani. Mzee aliwasomea wageni kwa sauti habari ya kweli iliyoandikwa upya ukutani, mshonaji akiwa kando yake. Chiriku alijibanza nyuma, macho chini. Mwalimu akamfuata.

"Hata mimi nina kosa," Mwalimu alisema. "Utamu wa hadithi ulinifanya nisiulize. Kutunga si dhambi, Chiriku. Lakini ukitunga, sema umetunga. Ukisema 'nimesimuliwa na fulani', umebeba jina la mtu mikononi. Libebe kama yai. Na ukilidondosha, usingoje mwenye jina alie, kiri papo hapo. Aibu ya kukiri ni ya siku chache, ya kuficha inakua nawe."

"Nimesikia, Mwalimu," alijibu Chiriku, akaenda kumsalimu mshonaji.