Picha za Mapacha

Duka la vitambaa lilikuwa halipitiki Jumamosi hiyo. Mpiga picha alikuwa ameshika ncha ya pazia la mahameli alipoona ncha ya pili imeshikwa na mwanamume mrefu, shati la kijani limenyooshwa pasi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Dada, tukate katikati au tugombane?"

"Kaka, nalitaka lote. Nitalitundika nyuma ya watoto ninaowapiga picha majumbani mwao. Zile za kahawia, za enzi za bibi."

Fundi cherehani akaliachia pazia papo hapo. "Basi njoo kwangu kesho. Kuna mapacha pale, wasichana, na bibi yao anataka picha kama yake ya utotoni."

Hakusema watoto ni wa nani, naye mpiga picha hakuuliza; wakapeana namba tu. Jioni fundi akampigia simu. "Umefika salama, mwenye pazia?" Wakaongea saa nzima, na alipokata, mpiga picha alijikuta anatabasamu peke yake.

Kesho yake aliwakuta mapacha sebuleni wamevaa magauni ya kola za lesi, kazi ya mikono ya fundi. Akasogeza kigoda karibu na dirisha, akatundika pazia.

"Baba, shingo inawasha!" mmoja akalia.

*Baba?* Mpiga picha akageuka kumtazama fundi. Mara simu ya fundi ikaita. "Ndiyo, mama pacha, wamekula. Wanakuulizia kila saa."

Mpiga picha akajificha nyuma ya kamera, akipiga picha mfululizo. Kumbe vile vicheko vya jana vilikuwa vya nini?

"Mbona umenyamaza, mrembo?"

"Usiniite mrembo mbele ya wanao."

Fundi akacheka, akidhani ni utani. Alipomaliza kumfunga mtoto kiatu, mpiga picha alishakunja pazia lake na kuondoka.

Siku nne hakupokea simu za fundi. Ujumbe ukaja: "Nimekosa nini?" Akaufuta, kisha akajuta kuufuta. Alikuwa anamchukia, na huku akimkumbuka. Alipochapisha picha, mapacha walimtazama kutoka kwenye karatasi za kahawia kama watu wa zamani wanaojua jambo asilolijua yeye.

Siku ya tano alizipeleka, akikusudia kuziacha mlangoni. Akafungua mwanamke mwenye gauni la safari, mapacha wamemng'ang'ania.

"Wewe ndiye mpiga picha? Karibu! Umemfanya nini shemeji yangu? Hali, halali."

"Shemeji?"

"Mdogo wa mume wangu. Sisi tulikuwa safari ya kazi, akatulelea hawa."

"Lakini wanamwita baba!"

"Ulitaka wamwite nani? Si baba yao mdogo?"

Mpiga picha akatamani ardhi impasukie. Watoto wa dada yake mwenyewe humwita mama, tena kila siku!

Fundi akatokea, pini mdomoni, macho mekundu. Akaitoa. "Ungeuliza tu."

"Niliona aibu."

"Na mimi je? Nimemshonea mteja suruali, mguu mmoja umetazama nyuma!"

Mpiga picha akacheka, huku machozi yanamtoka, hajui ni ya nini.

"Una mchumba?" fundi akauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Inategemea utakachosema sasa."

Fundi, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akaikunja futi ya shingoni, akaikunjua tena.

"Sema, shemeji!" mama pacha akamsukuma begani.

"Nataka nije kwenu kuposa," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Jumapili."

"Jumapili ni mbali," alijibu mpiga picha.