Matangazo ya Nepi

Mama Vibanio alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na wateja wake. Mumewe alikuwa fundi seremala. Watoto wao walishakua na kuhama, wakabaki wawili na kompyuta moja sebuleni. Asubuhi mume aliitumia kujibu barua pepe za wateja wake. Jioni mke alitazama mitindo ya nywele.

Jioni moja, pembeni mwa mitindo, likatokea tangazo la nepi. Akalipuuza. Akafungua ukurasa wa habari. Humo akakuta maziwa ya watoto wachanga. Akafungua hali ya hewa. Kikatokea kigari cha mtoto, na maneno: "Bado unafikiria? Rudi uchague."

Hilo neno "rudi" lilimchoma. Nani alikuwa amekwenda huko kwanza?

"Baba watoto," alimwambia mumewe wakati wa kula. "Siku hizi unatafuta nini kwenye kompyuta?"

"Mambo ya kazi. Kwani vipi?"

"Hamna kitu."

Lakini kitu kilikuwepo, na kilimkaa rohoni. Mume akipokea simu nje, yeye alichungulia pazia. Akicheka peke yake, alitega sikio. Hata shati alilomnunulia kwa mkono wake alilitilia shaka: mbona kalivaa leo?

Mwishowe akaingia mtandaoni kutafuta namna ya kujua siri za mume. Akaletewa programu ya bure. "Soma ujumbe wa mtu yeyote. Hatajua." Kompyuta ikamwonya kwamba programu hiyo haijulikani. Akabofya "endelea". Programu ikamtaka azime kinga ya virusi. Akazima. Ikaomba neno la siri la barua pepe ya mumewe. Alilijua, akaliandika. Programu ikasema subiri. Akasubiri mpaka akachoka. Haikumwonyesha ujumbe hata mmoja.

Wiki hiyohiyo mwalimu mstaafu alifika karakana amekunja uso.

"Fundi, uliniandikia nifungue picha za kabati langu. Nimefungua, na sasa mafaili yangu yote yamegoma."

"Mwalimu, mimi sijakutumia picha yoyote."

"Barua ina jina lako."

Wateja wengine nao wakapiga simu kulalamika. Seremala akarudi nyumbani mapema.

"Kuna mtu kaingia kwenye barua pepe yangu," alisema. "Na neno la siri tunalijua wawili tu." Akamtazama mkewe. Sasa shaka ilikuwa na wenyewe wawili.

Wakamwita jirani yao, dada aliyetengeneza kompyuta za chuo. Watu walimwita Miwani. Kabla hata ya kuketi, aliikata kompyuta kwenye mtandao. Kisha akaichunguza.

"Hii programu kaiweka nani?"

Mama Vibanio akasema, "Mimi."

"Kwa nini?" mumewe akauliza.

"Nilitaka kukuchunguza. Zile nepi ni za nani?"

"Nepi gani?"

Alipoelezwa, akafikiri kidogo. "Kuna mteja kaagiza kitanda cha mtoto mchanga. Nilitafuta michoro yake."

Miwani alicheka. Seremala hakucheka.

"Shemeji, sikiliza nawe," Miwani akasema. "Kurasa nyingi za mtandao, ukizifungua, zinaacha alama ndogo ndani ya kompyuta. Tunaziita vidakuzi. Kwa alama hizo makampuni ya matangazo yanakufuata kila uendako. Yanajua umetazama kitanda cha mtoto. Hayajui kwamba wewe ni seremala. Yanabahatisha."

"Na programu yangu?" Mama Vibanio akauliza.

"Hiyo ni mwizi uliyemfungulia mlango mwenyewe, dada. Wewe ulitaka kumchunguza mumeo, yenyewe ikawachunguza nyote. Imechukua neno la siri na anwani za wateja, ikawatumia virusi."

Miwani aliiondoa programu, akawasha kinga na kusafisha kompyuta yote. Kwa simu yake, ambayo ilikuwa salama, wakabadilisha maneno ya siri. Akawawekea ulinzi wa hatua mbili: kila anayeingia kwenye barua pepe hiyo kwa kifaa kipya ataombwa pia namba inayokuja kwenye simu ya seremala. "Namba hiyo msimpe mtu, hata akijiita nani," alisema. Akafuta vidakuzi na kuonyesha mahali pa kuvizuia. Akamtengenezea kila mmoja sehemu yake ya kuingilia kwenye kompyuta. "Na programu chukueni kwa mtengenezaji wake tu. Kompyuta ikiwaomba kuisasisha, msiahirishe."

Seremala aliwapigia wateja wote, akawaomba wasifungue barua ile. Mwalimu alikuwa na nakala za mafaili yake pembeni, akayapata. Kabati lake akaja kulichukua. Lakini nyumbani maneno yaliendelea kuwa machache kwa muda. Mama Vibanio aliomba radhi, na hakumharakisha mumewe.

Kisha asubuhi moja ukaingia ujumbe: "Mzigo wako umezuiliwa. Bofya hapa." Mama Vibanio akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Baba watoto, unangoja mzigo?"

Seremala akaja, akasoma juu ya bega lake. "Hapana. Wewe?"

"Hapana."

Akaufuta.

"Na kama ungekuwa unaungoja?" mumewe akauliza.

"Ningekuambia."

Seremala akavuta kiti, akaketi karibu naye.