Aliyesomeka Majini

Kichujio kilinuka nywele za mtu zilizolowa. Mtaalamu wa maabara alikinusa tena, akapuuza. Kazi yake ilikuwa kuchuja maji ya bahari na kutoa vinasaba vilivyonasa, mashine ivisome, ijulikane ni viumbe gani wamepita kilindini. Mashine ikataja samaki, ikataja ngisi. Halafu ikataja mtu.

"Umegusa sampuli," profesa alimwambia. "Vinafanana na vyako."

"Vinafanana, ila si vyangu. Ni vya mdogo wangu."

Profesa aliyasoma matokeo upya. Mdogo mtu alikuwa mpiga mbizi wao. Alizama kazini na mwili haukupatikana. Tangu msiba ule dada yake, mtaalamu huyu, hakuwa ametoa chozi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Vinasaba huoza upesi baharini. Hivi vilikuwa vibichi. Maji yaliyotekwa karibu na pwani yakavitoa kwa wingi zaidi, ya bandarini yakazidi, mwishowe vikatoka kwenye bomba la maabara.

"Usiende nyumbani leo," profesa alinong'ona.

Akaenda. Mchana kweupe, mama yake alikuwa mezani na mpiga mbizi, shati limemganda mwilini, maji yakimchuruzika vidoleni, akimeza chakula bila kutafuna.

"Mdogo wako karudi," mama alisema taratibu.

Hofu ilimfikia dada kwa mbali, kama habari za jirani. Akatoa mkobani pamba ya kuchukulia sampuli. "Fungua mdomo."

Ukafunguka, ukaendelea kufunguka kupita mdomo wa mwanadamu, na ndani hakukuwa na ulimi ila giza lenye baridi lililovuta pamba kidogo, kama mtoto avutavyo kidole, huku macho ya mdogo wake yakimtazama bila kupepesa.

Kesho yake, kwenye pamba ile, mashine ilimkuta ndugu yake juujuu tu, utando mwembamba kama mafuta yanayoelea, na chini ya utando huo ikasoma, ikasoma, ikasoma kitu kisicho samaki wala mmea wala mtu, kitu ambacho haikuwa na jina la kukipa, hadi profesa akauchomoa waya ukutani na bado herufi zikaendelea kutiririka kwenye kioo.

Dada alirudi nyumbani, akamkuta mama jikoni.

"Mama, yule siye. Ni jini aliyevaa sura yake."

"Najua. Nilijua tangu mlangoni. Si nimemzaa mimi?"

"Basi nimwite mganga."

"Ukimwita, ataondoka." Mama aliendelea kusuuza sahani. "Nami nitabaki na nani? Na wewe, usiyeweza hata kumlilia?"

Dada alichukua kitambaa, akaanza kukausha sahani.

"Dada," sauti ya mdogo wake iliita kutoka sebuleni.

Alijua wito wa jini hauitikiwi. Akatafuta woga ndani yake umzuie, akatafuta hata uchungu. Hakupata kitu.

"Abee," akaitika, akaenda kukaa naye.